Jina la Baba kwenye Hariri

Mzee Tak, fundi wa maandishi ya brashi, alipofariki huko Jeonju, Korea, bintiye Yeonhwa, msanii wa kumulika picha na maandishi ukutani kwa taa, alikwenda msibani na brashi aliyofundishwa nayo na baba. Alitaka kuandika jina la baba yake kwenye hariri nyekundu ya kufunika jeneza.

Kaka yake, Gyusik, akamzuia mlangoni. "Si wewe unayeyavuruga maandishi ya baba ukutani kwa mataa, watu wapige picha? Baba kafa hataki hata kukusikia."

"Kaka, nakuomba. Nitaandika kama alivyonifunza."

"Umechelewa."

Hariri ililetwa imechapwa kwa mashine, herufi kama za tangazo la duka. Yeonhwa akasujudu mbele ya picha ya baba, kisha akaketi upande wa wageni, maana kwenye safu ya wafiwa hakuachiwa nafasi.