Aliyeitika Mchana

Siku hiyo mjinga alikuwa Wanyonyi, wala usimtafutie mwenzake. Mtu mzima, mcheshi wa ploti nzima ya wapangaji, mwenye kazi ya kuwaelimisha watu juu ya saratani ya umio, aliipakia sauti ya marehemu mamake kwenye mkokoteni wenye spika, akausukuma kati ya maghorofa ya Huruma saa sita mchana, kisha akashangaa mbona hakuna anayetoka.

Sauti yenyewe ilikuwa nzuri. Mama Nasike aliirekodi kwa Kibukusu mwaka uliotangulia, koo lake likiwa bado linapitisha maneno ingawa lilikuwa limekwisha kuukataa ugali. Watafiti walitaka mwito wa lugha ya nyumbani, naye akawaita wanawake kama mtu anavyoita majirani ng'ambo ya shamba la mahindi: Nafula, Nekesa, Naliaka, njooni mpimwe mapema, msichelewe kama mimi. Maneno hayo ya mwisho aliyasema akicheka. Kisha akafa.

Sasa kicheko hicho kilipanda ukuta wa kushoto, kikagonga wa kulia, kikarudi kutoka nyuma, hata ungedhani mama wa watu anawafuata kwa miguu. Nguo zilizoanikwa kwenye vibaraza zilitulia kama watu waliozuia pumzi. Mlango mmoja ukafungwa. Kisha wa pili. Watoto waliokuwa wakicheza uchochoroni wakavutwa ndani kwa mikono ambayo wenyewe hawakuonekana. Makomeo yakalia toka chini hadi juu, ka, ka, ka, na mahali fulani sufuria ikafurika motoni pasiwe na wa kuiepua.

"Sally, leo tumeoga kweli?" Wanyonyi alimtania muuguzi wa mradi aliyetembea naye.

Sally, ambaye kwao ni Murang'a na Kibukusu kwake ni mlio tu, hakucheka. "Jana kule Shauri Moyo tulitumia sauti ya msichana wa ofisini, watu wakaja. Leo wanatukimbia. Huyo mama anasema nini?"

"Anasema njooni mpimwe."

"Basi kinachowafukuza si maneno."

Lakini aliyemtia Wanyonyi wasiwasi hakuwa Nafula wala Nekesa. Alikuwa dada yake Triza, wa ghorofa ya tatu, ambaye siku hizi alikunywa uji tu, akidai ana vidonda vya tumbo. Wanyonyi aliujua uji huo. Ndio uliomsindikiza mama. Hema la mradi la kupimia watu, lililosimamishwa hapo mtaani, lilikuwa la kung'olewa jioni hiyo, na ndiyo sababu aliitafuta sauti ambayo Triza hakuwahi kuikataa maishani.

Triza alilelewa na nyanya yao Bungoma. Wanyonyi alikuwa wa Huruma, ulimi wake wa Sheng. Kwenye matanga ya kijijini binamu zake walimkaribisha chai kama mgeni kutoka ng'ambo. Ndevu zilipoanza kuingia mvi ndipo akamwendea mama ili amfunze, kama mtu anayerudi kanisani kuchukua mwavuli aliousahau. Somo la kwanza halikuwa msamiati. Lilikuwa kuitika. Mama aliita kutoka jikoni, naye sharti ajibu "Mayi!", yaani mama, papo hapo, bila kuuliza anaitiwa nini.

"Mtu hujulikana kwao kwa anavyoitika," mama alimwambia.

Mwito ukafika mwisho. Spika ikakwaruza, ikanyamaza. Wanyonyi alikuwa ameunyoosha mkono kwenye swichi ndipo sauti ile ile, ya chini, isiyo ya matangazo, ikasema:

"Wanyonyi."

"Mayi!" akaitika kwa nguvu, kabla akili haijamfikia.

Uchochoro ukapoa. Rekodi ile aliipunguza urefu yeye mwenyewe kwenye kompyuta, alijua inapoishia. Akairudisha nyuma, akategea sikio. Kicheko, mkwaruzo, basi.

"Umemjibu nani?" Sally aliuliza.

Juu, kwenye kibaraza cha ghorofa ya tatu, Triza alikuwa amesimama akimtazama, mkono kooni.

Wanyonyi alipanda ngazi akijilazimisha kupiga mluzi. Triza alimpokea kutoka nyuma ya geti la chuma, bila kulifungua.

"Niaje, dada mkubwa. Mbona mmejificha kama vifaranga walioona mwewe?"

"Zima kwanza kitu chako."

"Nimezima."

"Una hakika?"

Hakuwa nayo.

"Aliyekufa akikutaja jina huitiki, Wanyo," Triza alisema polepole. "Hata mtoto anayenyonya huko kwetu anajua. Umewaletea mama za watu maiti wa kuwaita, halafu unataka waje mbio?"

"Mama hakuniambia."

"Alikufunza kuitika. Kunyamaza hakufunzwi, mtu hukulia humo."

Kwa mara ya kwanza mzaha ulimpotea. Akajiona kama mtu aliyeingia nyumba ya kwao kupitia dirishani, akavishika viti, akavijua kwa majina, akadhani ameijua nyumba. Kumbe kizingiti hakuwahi kukivuka.

"Sawa, nimekosa. Sauti yake haitalia tena. Lakini kipimo hakina jini, Triza. Ni kidonge chenye sponji ndani na uzi mwembamba. Unameza, unangoja kidogo, muuguzi anavuta uzi, sponji inatoka na chembe za umio. Hakuna kisu wala sindano. Nakuomba. Uji huo naujua mimi."

"Na hayo maji unayosukumia ugali tangu Pasaka, unayajua?"

Wanyonyi alicheka, lakini kicheko kikakwama njiani. "Ah, mimi ni mtu wa kula haraka."

"Huo uzi umeueleza mitaa gani?"

"Yote, mpaka Donholm."

"Umeumeza?"

Chini uchochoroni, spika iliyozimwa ikakwaruza. Hakuna kati yao aliyethubutu kuchungulia.

"Usinigeuzie maneno," Wanyonyi alisema, sauti imepanda. "Asiyekula ni wewe. Nimepanda ngazi hizi kukuita wewe!"

Triza akafungua komeo, akajitanda leso, akasimama naye ana kwa ana.

"Mimi hakuniita mtu. Aliyeitwa ni wewe, na aliyeitika ni wewe. Meza wewe kwanza. Nami nitaushika uzi, usije ukavutwa na mwingine."