Zamu, Likizo na Jumapili ya Mvua

Saa kumi na nusu jioni mpiga picha wa ofisi ya vitambulisho alikuwa amepiga magoti juu ya gunia uani kwake, simu mkononi, akiwabembeleza mbwa wawili watulie. Mada ya siku ya kwanza ilikuwa masikio. Zamu, jike mweusi, aliyalaza yake kila alipoitwa. Likizo, dume la kahawia, alikuwa na sikio moja tu la maana, na hilo alikuwa akilikuna.

Kwa miaka kumi na minne mwanamke huyu alikuwa amewakalisha watu wa mji mzima mbele ya kitambaa cheupe na kuwapa amri mbili: kidevu juu, usicheke. Watoto wa mtaani walimwita Kidevu Juu, naye aliitika bila kinyongo. Binadamu walimtii, hata wenye vyeo. Mbwa walimwona kichekesho.

Mashindano yalikuwa ya daktari wa mifugo, aliyeanzisha kundi la wafuga mbwa kwenye simu. Siku saba, kila siku na mada yake, picha moja tu, ipigwe siku hiyohiyo na isiguswe kwa namna yoyote. Mshindi angepata chanjo za mwaka mzima bure. Kidevu Juu hakuwa na haja na chanjo. Aliyemtaka alikuwa ameketi sebuleni kwenye kiti cha plastiki, akitazama mlango, kama alivyokaa kwa miaka miwili. Huyo alikuwa kaka yake.

Mbwa walikuwa wa kaka. Aliwalea na kuwapa majina alipokuwa mlinzi wa mchana kwenye ghala la pampu za maji, na alipofukuzwa walifukuzwa pamoja naye, kwa barua moja, majina yao chini ya lake. Jumapili moja katoni arobaini zilitoweka ghalani mchana kweupe na mbwa hawakubweka. Wakubwa wakakaa kikao. Mbwa hawakubweka, kwa hiyo mwizi ni mtu wanayemjua, na wanayemjua ni mlinzi. Kaka akaambiwa achague: ama aliiba, ama alilala mwizi akapita. Kuiba ni jela, kulala ni kurudi nyumbani. Akatia sahihi kwamba alilala.

Mwanzoni alijua kuwa ni uongo. Lakini jambo ulilolitilia sahihi mbele ya watu wanne, ukaulizwa kila mahali unapoomba kazi, likasomwa kwa sauti na kila karani, halikai karatasini tu. Baada ya mwaka mmoja kaka alipojaribu kuikumbuka Jumapili ile alijiona amelala kwenye kiti cha mlinzi, mdomo wazi. Baada ya miaka miwili aliikumbuka hata ndoto aliyoiota. Jirani alimwomba siku moja amwangalizie nguo zake kambani kwa dakika kumi, naye akatetemeka mpaka akaletewa maji.

Daktari wa mifugo alikuwa na mabanda ya mbwa wa watu waliosafiri, na alihitaji mtu wa kuwaangalia mchana. Alikuwa amemwomba kaka mara tatu. Kaka alijibu mara zote tatu kwamba mtu anayelala kazini hakabidhiwi wanyama wa watu. Sasa daktari alikuwa amesema waziwazi kwamba angengoja mpaka Jumatatu, baada ya hapo angemchukua mwingine. Kidevu Juu hakuweza kumburuta mtu mzima kwa mkono. Alichoweza ni kumhitaji.

"Kaka," aliita kupitia dirishani, "hawa wamenishinda."

Halafu mluzi mfupi ukatoka sebuleni, na mbwa wote wawili wakaketi wima, masikio matatu na nusu yakisimama. Kidevu Juu akabonyeza.

Masikio yalitoka vizuri sana. Nyuma yao, mahali palipokuwa na ukuta wa uani na ndoo ya kufulia, palikuwa na geti la chuma la ghala, na mvua ilikuwa inanyesha. Alipangusa kamera kwa pindo la gauni akapiga tena. Geti lilikuwa palepale. Aliudhika kikazi, kwa sababu ofisini kwake picha yenye vurugu za namna hiyo nyuma ya mtu ingerudishwa. Miezi mitatu haikuwa imenyesha, lakini mbwa walipoingia ndani walinuka mvua na dizeli, ikabidi awakaushe kwa taulo.

Akaituma hivyohivyo. Mtu mmoja kundini aliuliza mvua inanyesha wapi, maana mahindi yake yanakauka. Daktari aliandika kwamba ni marufuku kuchezea picha, Kidevu Juu akajibu kwamba hajaichezea, na daktari akaridhika, kwa kuwa alimjua kama mtu asiyeweza hata kupunguza mwangaza wa simu yake.

Siku ya pili mada ilikuwa kitu chekundu. Likizo alifungwa utepe mwekundu shingoni, akauvumilia. Nyuma yake geti lilionekana kwa karibu zaidi, pamoja na saa ya ukutani ya kibanda cha walinzi, inayosema saa nane na dakika tano. Kidevu Juu alimpelekea kaka simu sebuleni.

"Ni Jumapili ile," kaka alisema. Aliijua kwa turubai la lori lililoegeshwa nyuma ya geti, turubai lililokuwa limechanika Jumamosi, siku moja kabla. Akaivuta picha kwa vidole, akaitafuta pembe ya kushoto. "Kiti changu kinaonekana?"

"Picha imekatikia hapo."

Akamrudishia simu, na usoni pake ilionekana wazi kwamba alishukuru.

Basi siku zikaenda. Kwa mada ya mlangoni, geti lilikuwa wazi na gari dogo jeupe lilikuwa linaingia kinyumenyume. Siku ya nne mada ilikuwa usingizi, na kaka aliposikia neno hilo aliingia chumbani akafunga mlango. Bila mluzi wake mbwa walikataa kulala. Kidevu Juu aliambulia picha ya mkia mmoja, na nyuma ya mkia mlango wa ghala ulikuwa umefunguliwa kwa ufunguo, si kwa nondo. Jioni hiyo alilia kidogo akiosha vyombo, kwa sababu ilikuwa imebaki siku tatu na kaka yake hajakanyaga uani.

Mada ya tano ilikuwa rafiki. Zamu na Likizo walikuwemo mara mbili: mbele wakiwa wakavu, wamelaliana, na nyuma wakiwa wamelowa, wakitingisha mikia mbele ya mkuu wa ghala. Alikuwa amevaa shati la mirabamiraba. Kwa mkono mmoja alikuwa amekumbatia katoni ya pampu, na kwa mwingine alikuwa anawapa mkate. Aliwapa mkate kila siku, tangu walipokuwa vitoto, na kila mfanyakazi alijua. Kwenye kikao hakuna aliyelikumbuka hilo, kwa kuwa aliyekuwa anaandika kumbukumbu za kikao alikuwa yeye.

Kidevu Juu alikimbia sebuleni viatu mkononi. Alidhani ameleta dawa. Kaka aliitazama picha muda mrefu, hakuonyesha hasira wala mshangao.

"Kwa hiyo aliiba nikiwa nimelala," alisema. "Ningekuwa macho ningemwona."

Kesho yake, siku ya sita, Jumamosi ya kazi nusu siku, Kidevu Juu aliomba ruhusa kazini, akaichapisha picha kwenye karatasi nzuri, akaenda kwenye ofisi za ghala. Karani wa utumishi alimpokea kwa heshima, kwani picha ya kitambulisho chake mwenyewe ilipigwa na Kidevu Juu na ilikuwa imetoka vizuri. Akavaa miwani. Akasema mbwa ni wazuri, wanatunzwa. Akasema naam, huyo ni mkuu wa ghala, na hilo ndilo shati lake, na hizo ndizo katoni.

"Basi mfute ile barua ya kaka yangu," Kidevu Juu alisema.

Karani aligeuza picha, akasoma tarehe iliyo nyuma. "Dada, hii imepigwa jana. Tukio ni la miaka miwili iliyopita. Jana mkuu wa ghala alikuwa safarini kikazi. Picha hii inaonyesha tu kwamba alikuwa hapa wakati alipaswa kuwa kule, na hilo linahusu posho yake ya safari. Kwa shauri la kaka yako inatakiwa picha iliyopigwa siku ya tukio."

"Lakini hiyo ndiyo siku ya tukio. Tazama saa."

"Naiona saa. Mimi nazungumzia tarehe."

Mkuu wa ghala mwenyewe alipita koridoni, akaombwa aitazame picha, akaitazama. Alisema lile shati alishaligawa. Akauliza kama mbwa hawajambo, akaenda zake. Karani aliiweka picha kwenye jalada la kaka, nyuma kabisa, akalirudisha kabatini. Kidevu Juu alirudi nyumbani kwa miguu ili hasira impungue njiani, nayo haikupungua.

Mada ya saba ilikuwa mbwa na mtu wake.

Jumapili hiyo Kidevu Juu hakubembeleza. Alibeba kiti cha plastiki akakiweka uani, akarudi akasimama mbele ya kaka, ambaye sasa alikuwa hana pa kukaa.

"Mimi si mtu wao," alimwambia. "Nikiingia kwenye picha hiyo nitakuwa nadanganya, na masharti hayaruhusu."

"Na kiti changu cha kule kikionekana?"

"Kitaonekana."

"Na mimi nikiwa nimelala juu yake?"

"Basi tutakuona umelala, kaka. Nitakupenda hivyohivyo. Lakini tumalize."

Kaka alinawa uso. Alibadilisha shati, akafungua kifungo cha juu, akakifunga tena. Alipotoka uani jua lilimfanya akunje uso, na mbwa walimparamia kana kwamba ametoka mbali. Aliketi, Zamu kulia, Likizo kushoto.

"Kidevu juu," dada alisema, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake hakuongeza lile agizo la pili.

Waliitazama picha pamoja, vichwa vikigusana. Mbele alikuwepo kaka, mwembamba, amekunja uso kwa jua, mikono juu ya migongo ya mbwa. Nyuma kulikuwa na kiti cha mlinzi, kikilowa mvua, kitupu. Kidevu Juu aliivuta picha zaidi. Nyuma ya kiti, mbali, kwenye kona ya ghala ambayo haionekani kutoka getini, mtu mwenye koti la mvua alikuwa ameinama kwenye mita ya maji, amelikinga daftari kwa mkono, anaandika. Alikuwa mnene kidogo kuliko sasa. Macho yake yalikuwa wazi, ameyakaza ili asome vizuri.

"Mkuu alinituma," kaka alisema polepole. "Alisema bili imezidi, nikasome mita ya nyuma. Nikasome mara tatu, kila baada ya dakika kumi."

"Na ulisoma."

"Nilisoma." Aligusa kioo cha simu kwa kidole. "Sasa ile ndoto ni ya nani?"

"Waliiandika wao," dada alisema. "Wewe ulitia sahihi tu."

Kaka alilia, bila kuficha, na Likizo akaramba machozi kwa sababu yalikuwa na chumvi. Kisha akasema ana usingizi. Aliingia chumbani akajilaza kitandani mchana wa saa tisa, mlango wazi, akakoroma mpaka giza lilipoingia, na Kidevu Juu alitembea kwa ncha za vidole akiwa na furaha iliyomfanya asahau kuituma picha mpaka dakika za mwisho. Walishika nafasi ya nne. Wa kwanza alikuwa mbwa mdogo mweupe aliyevalishwa miwani.

Kuanzia siku hiyo picha zilitoka na ukuta wa uani na ndoo.

Jumatatu asubuhi waliondoka pamoja, dada akienda ofisini, kaka akienda kwenye mabanda ya daktari, mbwa katikati. Njia ilipita mbele ya ghala. Kwenye ubao wa getini bado kulikuwa na picha ya kaka, na chini yake tangazo kwamba asiruhusiwe kuingia kwa kosa la kulala kazini. Gari dogo jeupe lilifika wakati huohuo. Mbwa walilikimbilia, mikia ikienda, mkuu wa ghala akashusha kioo, akawapapasa vichwa, akasema wamenenepa. Kaka akajibu kwamba wanakula vizuri. Mbwa hawakuwa na ugomvi na mtu, na kaka hakuwalazimisha kuwa nao. Gari likaingia.

Mlinzi mpya, kijana mwenye koti kubwa kuliko yeye, alimtazama kaka, akautazama ubao.

"Samahani, mzee. Ni kweli ulilala?"

"Hapana," kaka alisema. "Nilikuwa nasoma mita."

Mlinzi aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa jambo la kawaida. "Ile ya nyuma? Hata mimi mkuu hunituma. Kila Jumapili, saa nane."

Kaka akamwambia kwamba kila akisoma aandike na saa, na aandike kwenye daftari lake mwenyewe, na lile daftari alale nalo. Mlinzi akasema atafanya hivyo. Kaka akazungusha kamba za mbwa mkononi, akamwambia dada yake waongeze mwendo, kwa kuwa ilikuwa inakaribia saa mbili na hakutaka kuchelewa kazini.