Nafasi Moja kwa Kila Familia

Magreti alimzungushia Imani tepu kiunoni akasoma namba ileile ya mwaka jana, sentimita hamsini na sita. Hakuwa na haja ya kupima. Imani alifariki akiwa na miaka kumi na mmoja na tangu hapo hakuongezeka hata kidogo. Lakini fomu ya sare ilitaka vipimo vipya kila Januari, na Magreti hakupenda kuandika kitu ambacho hajakipima. Akaandika hamsini na sita, akashuka na tepu hadi chini ya goti.

"Geuka."

Imani aligeuka juu ya kigoda. Pindo la sketi yake lilikuwa limeoza tena. Nguo za marehemu huoza kuanzia chini kwenda juu, na kila baada ya wiki tatu Magreti alikata upana wa vidole vitatu na kuunganisha kitambaa kipya. Kwa sababu hiyo, kila alipokwenda Mikumi alinunua tetroni ya damu ya mzee, rangi ya shule, kuzidi ile aliyohitaji. Safari hii alinunua ya sketi mbili nzima.

Sketi moja ilikuwa tayari, imepigwa pasi, inaning'inia kwenye msumari mlangoni. Hiyo ilikuwa ya Joyce. Joyce mwenyewe alikuwa amekaa mkekani akishona vifungo vya shati. Alizaliwa miaka mitatu baada ya Imani, na sasa alimpita dada yake kichwa kizima.

"Dada, mwaka huu uko kidato cha ngapi vile?"

"Cha kwanza."

"Na mwaka jana?"

"Cha kwanza. Mama, mwambie Joyce aache."

"Joyce, acha."

"Nauliza tu, mama. Mwaka wa tano huo! Jumatatu tukikaa dawati moja nitamwonyesha pa kuandika jina."

"Na utaniita dada mbele za watu," alisema Imani. "Usiponiita, nakupeleka kwa Madamu."

Kisha akaanza kukariri, kama alivyozoea kila alipoambiwa asimame wima. "Shule ya Sekondari ya Masomo ya Kimataifa Upeo ilianzishwa kwenye ardhi iliyotolewa kwa hiari na wanakijiji. Dhima yetu ni kumwandaa kila mtoto kuwa raia wa dunia, asiyezuiwa na mpaka wowote."

Magreti alitoa pini mdomoni akaichomeka kwenye pindo.

Shule ilikuwa kilomita tisa kutoka Mikumi, kwenye barabara ya kwenda Kilosa. Familia ishirini na tatu zilikuwa na mashamba pale. Zilipoondolewa ziliahidiwa kwamba kila familia itapata nafasi moja ya kusomesha mtoto, siku zote, maadamu shule ipo. Ahadi hiyo iliandikwa na kupigwa mhuri. Mtendaji wa kijiji akaorodhesha watoto wa kila familia kwenye karatasi yenye mistari. Baadaye, uwanja wa mpira ulipohitaji nafasi, aliorodhesha kwenye karatasi nyingine kama hiyo makaburi ya kila familia yaliyohamishwa. Orodha zote mbili zilikaa kwenye faili moja.

Miaka minne iliyopita, shule ilipokaribia kufunguliwa, karani aitwaye Nickson aliambiwa aandike barua za kuwaita watoto wa kijiji. Alifungua faili akachukua karatasi iliyokuwa juu. Ilikuwa ile ya makaburi. Barua zilikuwa na majina kamili na mhuri, na walioitwa walikuja. Jumatatu ya kwanza walifika saa moja na nusu asubuhi, mapema kuliko watoto wa Dar es Salaam ambao magari ya wazazi wao yalikwama nyuma ya malori. Wakasajiliwa.

Kijijini hakuna aliyelalamika. Magreti alipomwona Imani amesimama mlangoni na barua mkononi, alimwambia anawe miguu kwanza. Joyce wakati huo alikuwa anaingia darasa la nne na hakuhitaji nafasi ya mtu.

Sasa alikuwa amemaliza la saba. Shule nyingine ya sekondari ilikuwa umbali wa kilomita kumi na nne, na njia yake ilikatiza mahali ambapo tembo hutoka hifadhini asubuhi na kurudi jioni. Wasichana wawili wa kijiji walianza huko mwaka jana. Mmoja aliacha mwezi wa nne. Mwingine alikutwa na tembo mwezi wa sita, akazikwa mwezi huohuo.

Barua ya Joyce haikuja. Alhamisi, Magreti akamchukua wakaenda kuiulizia.

Walipita nyuma ya stoo, kwenye chumba kilichoandikwa Darasa la Wanajamii. Watoto wa kijiji walikuwa ndani, na wazee wanne, na mtoto mchanga wa kwa mama Salome amelazwa juu ya dawati, wote wakitazama ramani ya dunia ukutani. Hawa hawakuwa na likizo. Hapakuwa na mwalimu, kwa kuwa darasa hilo halikufanya mtihani. Walikaa hivyo kuanzia saa mbili hadi saa nane, kisha waliruhusiwa. Walifundishwa kitu kimoja tu, historia na dhima ya shule, ili wageni wakija wasimame na kuisema. Walikuwa hawajawahi kukosea.

Imani aliwaona akawapungia mkono. Joyce naye akampungia.

Ofisini, Nickson alizitoa zile karatasi mbili akaziweka mezani bila kuulizwa mara ya pili.

"Kosa lilikuwa langu, mama Imani," alisema. "Nililiona wiki ileile. Nikamweleza Madamu."

"Akasemaje?"

"Alisema watoto wamekaa vizuri, tusiwasumbue."

Mkuu wa shule, Madamu Katarina, alikuwa mtu wa sauti ya chini. Joyce alimwamkia, naye akaitikia marahaba akampa bendera ndogo ya karatasi, ya nchi ambayo hakuitaja. Kisha akawakaribisha viti.

"Nafasi ya familia ni moja," alisema. "Na yenu ina mtu."

"Mwenye nafasi alishafariki, Madamu."

"Najua, na pole sana. Kanuni inasema nafasi huachwa wazi mwanafunzi akihitimu, akihama, au akifariki. Imani hawezi kuhitimu kwa sababu hakui. Na kufariki, alifariki kabla ya kusajiliwa. Tangu asajiliwe hajafariki hata mara moja."

Magreti alihesabu miaka kwa vidole, akaona ni kweli.

"Hawa watoto ni wazuri," Madamu aliendelea. "Hawali, hawaugui, hawagombani. Wageni wakija nawaambia, dhima yetu mkitaka kuiona imetimia, iko nyuma ya stoo. Ni mpaka gani unaweza kumzuia mtoto kama Imani?"

Ukutani nyuma yake palikuwa na hati ya ardhi ndani ya fremu. Alama ya kwanza ya dole gumba ilikuwa ya Odilia, mama mkwe wa Magreti. Tarehe ilikuwa ya mwezi wa nane. Magreti aliisoma mara mbili ili awe na uhakika. Odilia alizikwa mwezi wa tano mwaka huohuo, pembeni ya shamba lake, na mpaka siku anakata roho alikuwa amewafukuza wapima ardhi mara tatu.

"Huyo bibi ndiye alitufungulia njia," alisema Madamu Katarina alipoona anapotazama. "Tunamtaja kila mwaka."

Akafungua mtoto wa meza akatoa fomu ya uhamisho. "Imebaki hiyo ya kuhama. Mzazi akisaini, nafasi inakuwa wazi Jumatatu."

Sehemu ya mahali anapohamia mwanafunzi ilikwisha kupigwa chapa. Iliandikwa Makaburi Mapya.

Makaburi mapya yalikuwa shimo moja nyuma ya kifusi cha kokoto. Siku ya kuhamisha, mafundi walikuwa na haraka, wakatia mifupa kwenye mifuko ya saruji na kuifukia yote pamoja. Jastin, mtoto wa jirani yao, alihamishiwa huko mwaka juzi baada ya kusinzia mbele ya wageni. Tangu siku hiyo hakuonekana tena hata mlangoni kwao. Aliyeletwa kwa barua, barua ikifutwa, hurudi.

Jioni Magreti alimpigia simu mumewe Kornelio, aliyekuwa Kilombero kwenye mashamba ya miwa. Kornelio alisikiliza hadi mwisho.

"Fanya utakavyoona, mama Imani," alisema.

Magreti akamwita Imani barazani na kumweleza jambo lote kwa utaratibu, kama alivyolielezwa yeye.

"Joyce akiingia, mimi nakaa wapi?"

"Makaburi mapya."

"Kule tumo kwenye mifuko, mama. Ukinyoosha mguu unampiga bibi."

"Najua."

"Kwa siku ngapi?"

"Fomu haisemi."

Imani alifikiri. "Nimefanya kosa?"

"Hujafanya kosa."

"Jastin alihamishwa kwa kosa."

"Wewe hujafanya kosa lolote, mwanangu."

Joyce alikuwa nyuma ya mlango, chini ya sketi yake. Alisikia yote. Hakutoka kusema kwamba ataacha, wala kwamba anataka. Usiku huo walilala kitanda kimoja kama siku zote, na Joyce aliuacha mguu wa Imani unyooke hadi ukutani.

Magreti alilipima jambo hilo mpaka alfajiri. Imani hataugua tena wala hatazeeka, na tembo hawezi kumfanya kitu. Joyce ana miaka kumi na minne na kila asubuhi atapita njia ile. Kulipokucha aliandika jina la Imani kwenye fomu, herufi moja moja, akasaini. Aliyeipeleka shuleni ni Imani mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa anakwenda huko. Aliiweka kwenye begi, akaomba afungiwe kiporo cha ugali ambacho hakuwa na uwezo wa kukila, akafungiwa. Alivaa sketi ya zamani. Mpya ilikuwa bado haijapigwa pindo.

"Uniite dada," alimwambia Joyce.

"Kwaheri, dada."

Saa nane watoto wa kijiji waliporuhusiwa, Imani hakuwa miongoni mwao.

Jumatatu Joyce alivaa sare akaenda na mama yake. Nickson aliwakuta getini, akawasogeza pembeni ili magari ya wageni yapite.

"Nafasi ilikuwa wazi," alisema. "Ijumaa mchana tuliijaza."

"Imejazwa na nani?"

Alikuwa na orodha mkononi. Akaonyesha kwa kalamu. Kwenye familia yao palikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ulikuwa wa Imani, nao ulikuwa umekatwa. Wa pili haukukatwa.

"Orodha ni hii hii, mama Imani. Siwezi kuruka mstari."

"Ungeniambia."

"Hukuuliza," alisema Nickson, na alionekana kusikitika kweli. "Tena barua imeshafika. Yaani mmepishana naye tu njiani."

Waliporudi, Odilia alikuwa barazani kwenye kigoda cha kupimia, barua juu ya mapaja, udongo na saruji kwenye nywele. Alifariki akiwa na miaka sabini na moja na alikuwa mnene vilevile kama siku waliyomzika.

"Shikamoo, mama," alisema Magreti.

"Shikamoo, bibi," alisema Joyce.

"Marahaba, marahaba. Nimeitwa, nimekuja. Wanasema lazima sare. Mimi na sketi fupi, Mungu wangu! Kornelio akiniona atasemaje?" Dole gumba lake bado lilikuwa na wino wa zambarau. Aliona Magreti analitazama. "Hilo? Walinifuata kulekule. Nikaambiwa nitoe kidole. Kulikuwa giza, nikatoa."

"Imani yuko wapi, mama?"

"Yupo. Ameuchukua mfuko wangu, angalau sasa ananyoosha mguu." Akamtazama Joyce. "Umependeza, mjukuu wangu. Unasoma wapi?"

"Bado, bibi."

Magreti alimzungushia Odilia tepu kiunoni. Sentimita mia moja na nane. Akaandika. Akatandika mkekani sketi ambayo haikuwa na pindo, akaipima. Haikufika. Akafikiri, akapima tena, kisha akamnyooshea Joyce mkono. Joyce aliingia ndani, akatoka amevaa kanga, sketi yake imekunjwa mkononi.

"Fumua ubavu wa kushoto kwanza," alisema Magreti, akampa wembe. "Taratibu, usichane kitambaa. Tutaziunganisha zote mbili."

Joyce alikaa miguuni pa bibi yake akaanza kukata nyuzi, moja baada ya moja, na kuzipuliza chini.

"Wataniuliza nini huko?" aliuliza Odilia. "Mimi sijaingia darasani hata siku moja. Nitachekwa."

"Hawaulizi kitu, bibi. Unasema tu historia na dhima. Nifuatishe. Shule ya Sekondari ya Masomo ya Kimataifa Upeo."

"Shule ya Sekondari ya Masomo."

"Ya Kimataifa Upeo. Ilianzishwa kwenye ardhi iliyotolewa kwa hiari na wanakijiji."

Odilia alilisugua dole gumba kwenye kanga yake, lakini wino haukutoka.

"Kwa hiari," alisema.

"Hapo hapo, bibi. Vizuri."

Walifika kwenye maneno "mpaka wowote" jua likiwa limeshuka nyuma ya milima. Ubavu wa kushoto ulikuwa umekwisha kufumuliwa na wa kulia ulikuwa nusu. Magreti alikagua mshono kwa vidole kwa sababu macho hayakuona tena, akachomeka sindano kwenye ukosi wa gauni lake na kufunika cherehani.

"Wacha hapo," alimwambia Joyce. "Huo mwingine utamalizia kesho."