Treni Yarudi Hinokuchi

Tangu mafuriko yang'oe daraja la mto, stesheni ya Hinokuchi ilikaa miaka minne bila kusikia mlio wa treni. Majani yaliota katikati ya reli, na nyani wakashuka mlimani kuota jua jukwaani. Kwa hiyo asubuhi ile ya Oktoba, siku iliyotangazwa kuwa treni itarudi kupitia daraja jipya, Yasue Kanbara aliamka kabla ya majirani wote. Alipika wali, akachoma samaki sitini wa mtoni, akampanga kila mmoja kwenye boksi la mbao nyembamba, na tunda la plamu lililokolezwa chumvi pembeni. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Kwa furaha, plamu tatu zilimponyoka sakafuni.

Alikuwa ameuza chakula pale jukwaani miaka thelathini na minane. Enzi hizo treni mbili zilipishana Hinokuchi, zikisimama dakika sita nzima, na abiria walifungua madirisha kunyoosha mikono. Babu yake alibeba mawe ya jukwaa lile. Hapo yalipakiwa magogo na hariri, hapo waliteremka maharusi, hapo waliagwa vijana waliokwenda vitani. Barabara ilipojengwa, mizigo ilihamia kwenye malori. Ofisi ya vifurushi ikafungwa, kisha dirisha la tikiti. Daraja lilipoanguka, kilichokuwa kimebaki ni benchi, jiko la kuni na Tokuji.

Tokuji, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyekuwa mkuu wa mwisho wa stesheni ile. Alikuwa amestaafu, lakini hakuna aliyeweza kumzuia kufagia jukwaa kila siku. Siku hiyo alivaa koti lake la kazi, ingawa vifungo vilikataa kukutana.

"Shemeji, maboksi yote hayo ya nani?" aliuliza alipomwona Yasue na sinia lake la kuuzia, lililoning'inia shingoni kwa mkanda.

"Ya abiria. Na tumbo lote hilo la nani?"

Tokuji hakucheka. Alikohoa, akatazama viatu vyake, kisha akamweleza kwamba treni mpya ni behewa moja tu, madirisha yake hayafunguki, na itasimama dakika moja.

"Umejua lini?"

"Wiki iliyopita."

"Wiki nzima umekaa na neno hilo tumboni, shemeji, na leo asubuhi umeonja samaki wangu wawili?"

Kabla hajajibu, honi ililia ndani ya handaki. Watu mia mbili waliokusanyika jukwaani wakalipuka kwa makofi. Wanafunzi wakapuliza tarumbeta, kila mmoja kwa mwendo wake. Yasue alihisi jukwaa likitetemeka chini ya nyayo zake.

Behewa lilikuja limejaa pomoni. Mzee mmoja ndani aliliona sinia, akagonga kioo akilionyesha kwa kidole. Wenzake wakageuka, nao wakaanza kugonga. Milango ilipofunguka watu wakasongamana. Hakukuwa na nafasi ya kuuza hata boksi moja. Dereva, msichana mwenye glavu nyeupe, alitazama saa.

Yasue akajipenyeza akapanda.

"Shemeji, hiyo inakwenda hadi Asamori mjini!" Tokuji alipiga kelele.

"Najua inakokwenda. Kanifungie mlango wa nyumba."

Alimwomba dereva radhi, akamuuliza kama anaweza kuwauzia abiria njiani.

"Bibi, ukilipa nauli wewe ni abiria," dereva alisema. "Mengine mimi sikuyaona, natazama mbele."

Treni ikaondoka. Watu walimpigia makofi Yasue kana kwamba yeye ndiye aliyelijenga daraja. Ndipo ilipomjia akilini kwamba upande huu hajawahi kupita kwa treni. Miaka yote ile kazi yake ilikuwa kubaki jukwaani wengine wanapoondoka. Mjini alikwenda kwa lori la mumewe. Sasa mto ulifunguka chini yake, kijani na mpana kuliko alivyoufikiria, na vyuma vipya vya daraja vikapita dirishani kimoja kimoja. Yule mzee aliyegonga kioo alimshikia sinia ili afute macho.

Walipofika ng'ambo, akaanza kuuza. Maboksi yaliisha kabla ya stesheni ya pili, na waliokosa wakamlaumu kwa kupika machache. Mama mmoja alimuuliza kama kesho atakuwepo. Yasue akajibu kwamba atakuwepo, na kesho kutwa pia.

Alipofika Asamori aliambiwa angoje treni ya kurudi kwa muda wa saa tatu. Alimpigia simu Tokuji.

"Watu hapa wananisumbua wanataka samaki," Tokuji alilalamika. "Kesho pika mia. Mimi nitawasha mkaa."

"Uwashe, usionje."

Yasue hakuwa amejiwekea boksi hata moja, na njaa ilikuwa inamuuma. Alinunua bakuli la tambi kwenye kibanda cha stesheni, akavua viatu, akala huku akitazama treni za watu wengine zikiingia na kutoka. Mchuzi ulikuwa na chumvi nyingi. Akaunywa wote.