Mmea Unaokunywa Wakati wa Baridi

Mwanamke aliyelima vinyungu tangu akiwa binti huwezi kumwambia auache mmea uone kiu. Kwenye bustani hizo za mabondeni, kiangazi kikikaza, kazi ni kubeba ndoo asubuhi na jioni mpaka kabichi zisimame. Mama Fidelia wa Makambako alikuwa mwanamke wa namna hiyo, na ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko ndoo zake. Mambo hayo mawili yakikutana kwa mtu mmoja, wakwe huwa na kazi.

Mwanawe Elius alikuwa dereva wa malori ya Afrika Kusini. Safari moja alirudi na mmea wa ajabu, akampa mke wake Rejoice, aliyekuwa akiuza makoti na masweta ya mitumba katika mtaa wa Ramadhani, Njombe. Ulikuwa na shina lililonenepa mfano wa muhogo, na juu yake majani machache yenye nyama. Aliyemuuzia Elius alimpa na masharti yake. Mmea huu hukua wakati wa baridi, na hapo ndipo hupewa maji. Joto likija hupukutisha majani yote na kulala, na ukishalala usiupe hata tone.

Rejoice aliyashika masharti. Mwezi wa saba, sakitu imetanda kama barafu kwenye majani ya viazi na watu wamejikunyata jikoni, yeye alikuwa dirishani na kikombe chake, ananywesha mmea. Majirani walimcheka, na mumewe aliwaongoza kwa kucheka. Kisha Elius akaugua ini, akakaa kitandani miezi, akafa.

Oktoba iliyofuata kulikuwa na ibada ya kumbukumbu nyumbani kwa Rejoice. Mama Fidelia alikuja kutoka Makambako na uchungu wake wote. Alipoingia sebuleni, kitu cha kwanza alichokiona ni ule mmea dirishani, hauna jani hata moja, shina limesinyaa, udongo umekauka.

“Rejoice, huu si mmea wa mwanangu?”

“Ndio, mama. Umelala. Utaamka baridi ikianza.”

“Umelala! Mmea unakufa kwa kiu mbele ya macho yako, unaniambia umelala!”

Watu wa jumuiya ya kanisa walikuwa wameshakaa, sahani mapajani. Angeweza kuishia hapo, na mimi nisingekuwa na la kusimulia. Lakini ulimi hauna mfupa.

“Kumbe ndivyo ulivyomwangalia na mwanangu mwenyewe,” akasema.

Rejoice aliinuka. Aliuchukua mmea, akauzungushia gazeti, akamkabidhi mkwewe kwa mikono miwili kama heshima inavyotaka.

“Nenda nao, mama. Lakini nakuomba, usiupe maji mpaka mwezi wa tano.”

Mama Fidelia aliupa maji jioni ileile alipofika Makambako. Akaupa kesho yake, na kila asubuhi baada ya hapo, kabla hata ya kuwafungulia kuku. Shina likajaa, likawa linang’aa. Akamwita jirani yake, Eveline, aje aone.

“Ulikuwa unataka maji tu, maskini,” alisema. “Wengine hawana huruma.”

Kabla ya Krismasi alikuwa anaugeuza mmea upande wa jua, kidole gumba kikazama ndani ya shina. Yakatoka maji meusi yenye harufu ya viazi vilivyooza ghalani. Aliushika vizuri ausimamishe, ukakatikia mkononi.

Alikaa chini palepale kibarazani. Aliona aibu, ndiyo, lakini aibu ilikuwa ndogo. Kilichomkaba ni lile neno lake la Oktoba. Alikuwa ameamka kila asubuhi kwa ajili ya mmea ule, ameupenda, amejitahidi, na bado umefia mikononi mwake. Na Rejoice je, aliyemgeuza Elius kitandani miezi yote ile, akimfulia na kumlisha kwa kijiko? Yeye mama mzazi alikuwa anakuja Jumapili baada ya ibada na kurudi jioni. Alimtwika mwenzake kifo ambacho hata yeye asingeweza kukizuia.

Mtu mwenye akili angepiga simu siku hiyo. Mama Fidelia aliufukia mmea nyuma ya banda la kuku, akakibakiza chungu na udongo wake.

Mpigaji alikuwa Rejoice. Alipiga Januari kuulizia afya na kuku, na mwisho akauliza, “Na mmea, mama?”

“Upo,” akajibu Mama Fidelia. “Unaendelea.”

Februari akauliza tena. Safari hii Mama Fidelia alitaka kumfurahisha, na uongo ukishapata mlango huingia na ndugu zake. “Mbona umechipua! Una majani matatu, unapendeza kweli.”

“Majani matatu,” sauti ya upande wa pili ikarudia. “Tunashukuru, mama,” Rejoice akasema.

Hakuacha kupiga. Machi alipiga, Aprili alipiga, na kila mara Mama Fidelia aliongeza jani moja. Usiku usingizi ulimkimbia, na kanisani alianza kukaa benchi la nyuma. Mwezi wa tano Rejoice akasema, “Mama, baridi imeshafika. Sasa uupe maji, kikombe kimoja tu.” Alipokata simu, Mama Fidelia alichota maji kikombe kimoja akayamwaga kwenye kile chungu cha udongo mtupu, ili angalau hilo moja liwe kweli. Aliyaangalia yakizama kwenye udongo, akajidharau.

Mwezi wa sita jumuiya ilikuwa inasali kwa Rejoice. Mama Fidelia alipanda gari la Njombe, chungu kimefungwa kwa kitenge mapajani. Hakuna aliyemwita. Aliona tu kwamba neno alilolisema mbele za watu haliwezi kufutwa kwa kunong’ona jikoni.

“Kamwene,” aliwasalimu mlangoni, wakamwitikia. Wimbo ulipokwisha akasimama, akafungua kitenge.

“Mmea wa Elius umekufa,” akasema. “Nimeuua mimi, kwa maji, na nimekuwa nikimdanganya Rejoice tangu hapo. Hilo ni dogo. Oktoba nilisema neno humu ndani, nanyi mlilisikia. Halikuwa kweli. Huyu alimwangalia mwanangu kuliko nilivyomwangalia mimi. Naomba mnisamehe. Rejoice mwanangu, nisamehe.”

Mzee wa kanisa akaomba. Kina mama wakamshika mabega. Baadaye, wakiwa wawili jikoni, Rejoice alimmiminia chai, akaketi.

“Mama, nilijua tangu mwezi wa pili. Mmea ule hauchipui wakati wa joto. Uliponiambia majani matatu, nikajua haupo tena.”

Mama Fidelia alikisukuma kikombe kando. “Ulijua? Na ukaendelea kuniuliza miezi yote ile? Ulikuwa unanitesa?”

“Hapana, mama.” Rejoice alikuwa anaangalia chai yake. “Tangu Elius afariki hujawahi kunipigia simu hata mara moja. Mimi ndiye ninayepiga. Na kila nikitaka kupiga nawaza, nitamwambia nini huyu mama? Nilikuwa na mmea tu. Ningesema najua umekufa, ningekupigia kwa ajili gani tena?”

Mama Fidelia alilia hapo, na hakuwa akiulilia mmea. Alikuwa amejiandaa kusamehewa uongo na lile neno. Hili la tatu hakuwa amelijua kama ni kosa.

Wiki iliyofuata alikaa kitandani kwake Makambako, akaishika simu muda mrefu, akapiga. Rejoice alipokea upesi, kwa hofu.

“Mama? Kuna nini? Unaumwa?”

“Siumwi,” akasema Mama Fidelia. “Hakuna kitu. Nimekupigia tu.”