Diski ya Watoto wa Chara

Mbeyu alikuwa akifunga kibanda chake cha kompyuta mjini Garsen, awahi usaili wa kazi Malindi, mgeni alipoingia na diski tupu.

"Dada, mimi ni Iha, mwalimu wa Chara. Kompyuta za shule haziwaki. Ni kuukuu, hata flashi hazisomi. Nitilie humu mfumo wa kuziwasha. Watoto wanangoja."

"Utaondoka nayo imejaa, mwalimu," Mbeyu aliahidi, akaanza kuichoma, yaani kuinakilia mfumo mpya alioupakua mtandaoni.

Ilipofika asilimia themanini, basi la mwisho la Malindi likapiga honi nje.

"Mbeyu, twakuacha!" makanga alifoka.

Kukatiza sasa kungeiharibu diski, na Garsen nzima hapakuwa na nyingine.

"Nendeni!"

Basi likatimua vumbi. Tisini na tisa... mia! Diski ikachomoza, vuguvugu kama mkate wa kumimina.

"Haya, mwalimu. Kawashe!"