Pazia Lililovaa Kaptula

"Limevaa kaptula," alisema Rangi kutoka juu ya stuli, nyundo mkononi.

Mkewe alirudi nyuma hadi mgongo ukagonga kabati, akalitazama pazia. Kweli tupu. Kwa juu lilikaa vizuri, mikunjo imelala sawasawa, lakini kwa chini liliishia hewani, likaacha nafasi ambayo mbuzi mdogo angepita bila kuinama.

"Si uliniambia shibiri kumi?"

"Ndiyo, shibiri kumi. Nimepima mwenyewe."

"Kwa mkono wa nani?"

Rangi aliukunjua mkono wake akautazama. Ulikuwa mkono wa fundi rangi, mpana, wa kushika kopo la lita nne kama watu wengine wanavyoshika kikombe. Kisha akautazama mkono wa mkewe, ule mkono mwembamba uliomfanya mtaa mzima umwite Sindano, ingawa wapo waliosema jina lile lilitokana na ulimi. Wakatazamana. Aliyeanza kucheka ni Rangi, na nusura aanguke na stuli yake.

Jana yake Sindano alikuwa kazini, kwenye duka la mapazia, futi ya kupimia imening'inia shingoni kama kawaida. Alimpigia simu mumewe apime kutoka kwenye waya hadi sakafuni, na Rangi, asiye na futi, akapima kwa shibiri. Hapo fundi yeyote mwenye akili angesema, ngoja nije nipime mwenyewe. Sindano hakungoja. Furaha ilikuwa imempanda kichwani. Wakati wenzake wakila chakula cha mchana alitandaza kitambaa mezani, akapima shibiri kumi kwa mkono wake mwenyewe, akakata. Mtu aliyeshona mapazia ya ukumbi wa harusi! Bosi wake angejua, angemnyang'anya mkasi.

Siku nyingine angenuna hadi jioni. Leo hakuwa na nafasi ya kununa. Leo Kifungo alikuwa anakuja.

Kifungo alikuwa binti yao, wa pekee. Jina hilo alilipata siku aliposukuma kifungo cha shati puani wakamkimbiza hadi zahanati, na tangu hapo baba yake hakuchoka kuwaambia watu kwamba amehukumiwa kifungo cha maisha na wala hakati rufaa. Zamani zile waliishi kwenye chumba kimoja ambacho bati lake lilivuja kuliko lilivyoziba. Kila masika kifua cha mtoto kilikoroma kama birika, hadi dada mkubwa wa Rangi akaja kumchukua. "Akae kwangu mpaka mpate pakavu," alisema. Kifungo aliondoka na pengo la meno ya mbele. Meno yakaota huko, yakajaa huko, na kule kukaa kwa muda kukageuka kuwa kuishi.

Sasa pakavu pamepatikana. Vyumba viwili, bati zima, dirisha linalofunguka. Lakini shangazi mtu alikuwa ameshasema kwenye simu, bila ubaya wowote: "Wifi, siwezi kumlazimisha mtoto. Namleta apaone. Akipapenda atabaki, vitu vyake nitavituma. Asipopapenda nitarudi naye, na tusigombane." Sindano alikubali. Angekataaje? Mwanamke yule alimlea mtoto wake vizuri, akamsomesha, akamtibu kifua. Ila lipo neno moja lililomchoma rohoni. Kila alipoongea na binti yake kwenye simu, binti aliuliza, "Mama, kwenu mvua imenyesha?" Kwenu. Alikuwa akikata simu halafu anakaa na neno lile mpaka usingizi unamchukua.

Basi walipapamba. Walipapamba kwa mabaki, maana mabaki ndiyo waliyokuwa nayo. Kila nyumba aliyopaka, Rangi aliomba kilichosalia chini ya kopo: njano ya jiko la mtu, pichi ya chumba cha maharusi, nyeupe kidogo ya ofisini. Aliyamimina yote kwenye ndoo moja akakoroga, ikatoka rangi isiyo na jina, ambayo hata yeye mwenyewe asingeweza kuitengeneza tena. Jua likiingia dirishani, ukuta ule ulichangamka hadi Sindano akacheka peke yake. Kitanda kilitokana na mbao za makreti. Rangi alizisugua kwa msasa siku baada ya siku, na kila jioni mkewe alipitisha soksi juu yake. "Imenasa. Sugua tena." Siku soksi ilipoteleza bila kunasa, walishikana mikono wakacheza muziki usiokuwepo.

Kitanda hicho kilikaa kwenye kona ya sebule, karibu na dirisha. Kona hiyo ndiyo iliyokuwa chumba cha Kifungo. Mlango hakikuwa nacho chumba hicho. Mlango wake ni pazia, lililoungwa kwa vipande vya mapazia ya watu wengine. Na pazia limevaa kaptula.

"Liache hivyo," alisema Rangi. "Hewa itapita."

"Hewa! Mtoto wa kike alale watu wanaona miguu? Akae kitandani mgeni akiingia ahesabu vidole vyake?" Sindano alikwisha kufungua sanduku la vitambaa. "Hicho si chumba, ni kibanda cha kuuzia vocha. Nipishe."

Vipande vyote vilikuwa vimekwisha. Alipekua juu, akapekua chini, na chini kabisa mkono wake ukagusa kitu alichokijua kabla ya kukiona. Gauni la buluu la marinda, lenye mfuko mmoja mbele. Kifungo alilivaa hadi likambana, akaliacha siku ya kuondoka kwa sababu shangazi alimletea jipya. Kwa miaka yote hiyo Sindano alikuwa akilitoa, analinusa, analirudisha.

Alilishika kwa muda. Rangi aliteremka kwenye stuli, akaacha utani.

"Tutafute kingine," alisema taratibu.

"Kipi? Watakuwa hapa sasa hivi. Na mwenyewe anakuja. Gauni la nini, kama mwenyewe anakuja?"

Akafumua. Marinda yalipoachia, kitambaa kilinyooka kirefu kuliko alivyotegemea, karibu upana wote wa pazia. Mfuko aliuacha palepale ulipo, kwa sababu kuufumua kungeacha alama, na kwa sababu mkono ulikataa. Alikaa kwenye cherehani akakanyaga kwa miguu miwili hadi meza ikatembea. Safari hii alipima kwa futi, mara mbili.

Pazia liligusa sakafu wakati taksi inasimama nje.

"Hodi!"

Ilikuwa sauti ya msichana mkubwa. Sindano alijipangusa nyuzi kifuani, akakimbia mlangoni, akasimama ghafla kama mtu aliyesahau anachokifuata. Kifungo alikuwa mrefu. Alikuwa na magoti, na shingo, na macho yaleyale. Mgongoni alibeba begi la shule, mikanda ameishika kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu! Marahaba! Ingia, ingia jamani, pita."

Sindano alimkumbatia na begi lake, na begi likamzuia kumkumbatia sawasawa. Shangazi mtu aliingia nyuma yake akihema na jua, akatazama huku na huku, akapiga makofi. "Haya! Kaka yangu, kumbe ukiamua unaweza!" Alikuwa mwanamke mnene mwenye moyo mweupe, na macho yake yalikuwa mekundu kidogo. Sindano aliona kwamba yule naye hakulala.

Wakala, wakanywa. Rangi aliwachekesha kwa habari ya mteja aliyeegemea ukuta mbichi akaenda kazini na ukuta wa kijani mgongoni. Kifungo alicheka kwa adabu. Alikaa kwenye ncha ya kiti, magoti yamebana, begi bado mgongoni. Akiongezewa chakula alisema, "Ahsante, nimeshiba." Sindano angependa mtoto amwage kitu. Angependa apake mchuzi kwenye kitambaa cha meza, aambiwe, afyonye, akaripiwe. Hakumwaga hata tone.

"Samahani, mama. Choo chenu kiko wapi?"

"Huko nje, mkono wa kushoto," alijibu Sindano, na ule mwiba wake ukazama tena.

Aliporudi, mlango ukiwa wazi kabisa, binti alisimama kizingitini. "Hodi."

"Karibu!" alijibu Rangi kwa mazoea, kisha akaona jicho la mkewe.

Shangazi mtu ndiye aliyesema, "Mwanangu, hujaona chumba chako."

Kifungo aliliendea pazia. Alilishika, akalipapasa lile la juu, kijani kikiungana na rangi ya maziwa, maua yakiungana na mistari. Kisha macho yakateremka. Akachuchumaa.

"Hili si gauni langu?"

"Lilikuwa," alisema Sindano. "Baba yako alipima kwa mkono wake, mimi nikakata kwa mkono wangu, pazia likaja fupi."

"Wewe? Si fundi?"

"Ndiyo, mimi fundi!"

Kwa mara ya kwanza mtoto alicheka kicheko chenyewe, kile cha puani, cha siku ya kifungo. Aliingiza vidole mfukoni, akavitoa, akaingia nyuma ya pazia. Alikaa huko. Kitanda kililia mara moja. Watu wazima watatu walikaa sebuleni wakitazama pazia kama wanasubiri matokeo ya mtihani, hakuna aliyethubutu hata kusogeza kikombe.

Alipotoka, uso wake haukusema kitu. Begi lilikuwa mgongoni.

Jua lilikuwa limeanza kuinama. Shangazi mtu alisimama, akanyoosha gauni lake. "Basi, binti yangu," alisema, na sauti ikamkatika akaianza upya. "Sikulazimishi, na wao hawakulazimishi. Unabaki, au tunakwenda?"

Kifungo alimtazama shangazi, akamtazama mama. "Nikusindikize kwanza," alisema.

Wakatoka, shangazi na mtoto, Rangi akiwa nyuma yao na mkoba wa dada yake. Begi la shule lilikuwa likirukaruka kwenye mgongo ule mwembamba mpaka wakakata kona. Shangazi mtu hakugeuka kuaga. Sindano alielewa kwa nini, na hakumlaumu.

Akabaki peke yake. Aliondoa vyombo. Aliokota nyuzi sakafuni, uzi mmoja mmoja. Alijiambia kwamba anayesindikiza mgeni ni mwenyeji. Kisha alijiambia kwamba hakuna mwenyeji anayesindikiza mgeni na begi mgongoni. Mawazo hayo mawili yalimzungusha chumbani mpaka akachoka, akakaa kwenye cherehani bila kushona chochote, mikono mapajani. Alijua tu kwamba anataka kusikia hodi ile, hata kama ni hodi ya mgeni. Aliiandaa 'karibu' yake mdomoni, aitoe vizuri, isitetemeke.

Nyayo zikasikika nje. Sindano alinyanyuka, akavuta pumzi.

Mlango ulisukumwa ukagonga ukuta. Hakuna hodi, hakuna samahani. Kiatu kimoja kiliruka chini ya meza, cha pili kikalala katikati ya njia, soli juu.

"Mama, baba ananunua mkate, ananiudhi, amewaambia watu wote kituoni eti nimepandishwa cheo, sasa ni kifungo cha maisha bila msamaha! Shangazi amelia. Na mimi nimelia kidogo. Amesema atakuja Jumapili. Kuna chakula? Nina njaa!"

Alipita mbele ya mama yake bila kungoja jibu, akaingia nyuma ya pazia na begi lake. Kitu kikaanguka puu. Zipu ikafunguliwa kwa kelele.

"Si ulisema umeshiba?" aliuliza Sindano. Ile 'karibu' yake bado ilikuwa mdomoni, haikuwa na pa kwenda.

"Nilikuwa naona haya!"

Sindano alipakua. Alipakua kingi mno, akijaza sahani hadi ukingoni. Alikiruka kile kiatu njiani; hakukiokota. Alifika kwenye pazia, akanyoosha mkono kulisogeza.

"Mama! Usiingie!" sauti ilifoka kutoka ndani. "Napanga vitu vyangu. Piga hodi kwanza!"

Sindano alisimama na sahani yake mbele ya vipande vile vyote vya mapazia ya watu. Chini, karibu na sakafu, mfuko wa buluu ulikuwa ukichezacheza. Vidole vilikuwa vimepenya kutoka pembeni, vinaficha kitu humo.

"Hodi," alisema.

"Subiri," alijibiwa.

Akasubiri.